Mtunzi Hajulikani

Tunduma,
14 Aprili 2013

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na kifua kimepata nafuu sasa mvua zinapungua. Mimi ni mzima. Mwambie mama maharage aliyompa Ketrina yamefika bila kulowa, na debe nitalirudisha Ketrina akija tena sokoni Alhamisi. Mwambie pia kwamba nasali.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani wakati nina simu mfukoni. Huko nyumbani mtandao haupatikani mpaka mtu apande kule shuleni, na ukipanda wote waliopanda wanasikiliza. Mimi huku nakaa kaunta kutwa, na tajiri wangu Makene yuko nyuma ya pazia la studio, anasikia kila ninachosema. Tuandikiane, Ketrina atabeba. Tafadhali usinipigie saa za kazi.

Habari yenyewe ni njema. Ule wimbo wa "Jiko Limepoa", ulioutunga wewe mkeo, Mama Mdogo Roda, alipofariki, mkaja kuurekodi hapa na kwaya mwaka jana mwezi wa kumi, umetoka. Hauko kwenye kanda wala sidii. Uko ndani ya simu. Mtu anakatwa pesa kidogo kila mwezi kwenye salio lake, na yeyote anayempigia, badala ya kusikia ule mlio wa kuita, anasikia wimbo mpaka simu ipokelewe. Makene hukusanya nyimbo za kwaya na wanamuziki wa huku, anazipeleka kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, na kampuni inaziweka kwenye mitandao. Kwa kila anayelipia, mwenye wimbo ana mgawo wake. Wanauita mrabaha.

Juzi aliingia dereva wa lori kutoka Zambia kununua vocha. Akanisalimu, "Mwapoleni," halafu akampigia wakala wake wa forodha, simu ameiweka spika. Nikasikia sauti ya Pendo ikianza peke yake, kisha besi zenu zikaingia. Dereva akasema Kiswahili hakijui sana, ila huyo wakala asipopokea yeye hakati simu, anasikiliza tu. Niliinama chini ya kaunta nikajifanya natafuta chenji.

Kuhusu karatasi za wimbo usiwe na wasiwasi. Zinashughulikiwa.

Mwanao akukumbukaye,
Alinanuswe Mbonile


Ileje,
5 Mei 2013

Mwanangu Alinanuswe,

Marahaba. Kifua ni kile kile, tumeshazoeana. Mama yako Scola anasumbuliwa na goti akishuka mtoni, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Anasema debe halijarudi. Mahindi ya shamba la juu yamebeba vizuri. La chini nguruwe pori wamekula mistari minne na mingine wameilalia.

Habari ya wimbo ilifika hapa kabla ya barua yako. Timotheo, kijana wa Mzee Osea anayefanya kazi Mbeya, alikuja Pasaka na simu kubwa akatusikilizisha. Wiki ya kwanza ilikuwa utani. "Mwalimu, ukinunua gari usitusahau, hata kwenye keria tutakaa." Nami nikawajibu kwamba keria imeshajaa ndugu. Wiki ya pili hakuna aliyetania.

Unajua kwaya ile ina watu thelathini na wawili, nami nikiwamo, na kila mmoja alitoa debe la mahindi ili tulipe kurekodi. Wengine walilitoa wakiwa na madebe matatu tu ndani. Sasa Mzee Osea, kama mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ameniuliza mlangoni baada ya ibada, "Barnaba, ile karatasi mliyoandikishana Tunduma iko wapi?" Nikamwambia iko dukani. Akasema, "Ilete tuisome, yaishe."

Mimi sikuisoma. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kofia, nawahi gari. Nakumbuka nilisema jina langu lisiandikwe, na hilo silijutii. Kwetu wimbo wa kanisani hauvai jina la mtu. Baba yangu alitunga kumi na saba na hakuna hata mmoja unaojua kuwa ni wake. Mtunzi akijitaja, watu wataimba wakimtazama yeye. Nadhani mliandika jina la kwaya, na hilo ndilo nataka wazee waone.

Nitumie hiyo karatasi au nakala yake. Nilitaka kuja mwenyewe na Ketrina, ila nauli na kifua vimekataa kwa sauti moja.

Baki salama, na ule vizuri.
Baba yako mdogo,
Barnaba Mbonile


Tunduma,
30 Juni 2013

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliipata wiki ileile, na kila Alhamisi Ketrina akipita kuulizia jibu nilimwambia wiki ijayo, mpaka naye akaacha kuuliza. Debe limerudi, nimetia ndani kilo mbili za sukari ya mama. Huku ni baridi na vumbi. Foleni ya malori ya mpakani imefika karibu na Mpemba, madereva wanapika na kufua kando ya barabara.

Kuhusu karatasi. Iko kwenye droo ya Makene, droo ina kufuli, na funguo anatembea nazo. Ndani ya droo hiyohiyo kuna vyeti vyangu halisi, cha kidato cha sita na cha kompyuta. Alivichukua siku aliyoniajiri, akasema ni utaratibu wake. Sisemi hivi kulalamika. Baba alipofariki wewe ndiye uliyeuza ng'ombe ili nisome, na nilipomaliza nikakaa miaka miwili nyumbani nikiwa na vyeti mkononi, wewe ndiye uliyenilisha. Sasa nina kazi, ila vyeti sina. Nangoja siku Makene akiwa na moyo mzuri nimwombe.

Lakini lipo jambo la kuwatuliza wazee. Ndani ya bahasha hii kuna shilingi elfu hamsini. Ni mgawo wa kwanza wa wimbo. Mwonyeshe Mzee Osea ajue mambo yanakwenda. Mwingine utafuata. Risiti usiniulize, huku hazitolewi.

Tafadhali usije mwenyewe. Makene hapendi ndugu za wafanyakazi waje dukani.

Mwanao mtiifu,
Alinanuswe


Ileje,
28 Julai 2013

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amepokea sukari, anakubariki. Pendo amejifungua mtoto wa kike, na upande wa mume wanataka aitwe Getruda. Kahawa tumeanza kuchuma, bei hatujaambiwa.

Pesa niliipeleka hadharani, Jumapili, baada ya matangazo. Niliweka noti tano mezani nikasema, "Huu ni mgawo wa kwanza wa Jiko Limepoa." Nilidhani watu watapiga vigelegele.

Timotheo alikuwepo. Akasimama na simu yake akasoma kwamba redio imetangaza wimbo wetu kuwa wa tatu kwa kupendwa katika nyanda hizi za juu, na kwamba watu elfu kumi na nne wanaulipia kila mwezi. Akawaambia watu wapige hesabu. Kabla yeye hajamaliza, Ketrina, ambaye darasa la tatu alilimaliza kwa kuburutwa lakini maharage ameyauza miaka ishirini, akasema, "Mwalimu, hii hamsini ni ya siku gani? Ya Jumatatu kabla ya chai?" Watu wakacheka. Mimi pia nilikaribia kucheka, maana alisema vizuri.

Mzee Osea hakucheka. Alisema, "Mwizi mwenye akili hurudisha kidogo ili asiulizwe kikubwa." Hakusema jina. Hakuhitaji.

Nimepumzishwa kufundisha kwaya. Si vibaya, kifua kinahitaji. Aliyewekwa anawaimbisha haraka mno, kama watu wanaokimbia mvua.

Usiku ule nilizifikiria zile noti. Zilikuwa zimekunjwa mara mbili na kubanwa na pini, jinsi unavyokunja mshahara ukimtumia mama yako. Sikuulizi ulizitoa wapi. Nakuomba tu usinitumie nyingine. Nitumie karatasi.

Baba yako mdogo,
Barnaba


Tunduma,
1 Septemba 2013

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari ya Pendo. Nimempa Ketrina sabuni na kitenge cha mtoto. Mimi nilikuwa na malaria ya siku nne, nimepona.

Jumatano Makene alikwenda Ivuna. Ndugu zake ni wafugaji huko bondeni, na alikuwa na ng'ombe wa kuangalia. Aliacha koti lake kwenye kiti, na funguo zilikuwa mfukoni. Sijawahi kufanya jambo kama hilo maishani, Baba Mdogo. Nilifunga mlango wa mbele nikafungua droo.

Nimeiona fomu. Nakuandikia kama ilivyo. Jina la wimbo: Jiko Limepoa. Waimbaji: Kwaya. Mwenye haki: Makene Luhende. Namba ya kupokelea malipo: ya Makene. Mtunzi: Hajulikani.

Nilitoa nakala moja kwenye mashine yetu ya fotokopi. Nilikuwa nimesahau kwamba Makene huandika kila jioni namba iliyofikiwa na mashine. Aliporudi Alhamisi alisimama mbele yake na daftari.

"Bwana mdogo," akasema, "mashine ina moja zaidi ya daftari. Hiyo moja imekwenda wapi?"

"Ilinasa, bosi. Nikaichana."

"Ilinasa." Akarudia hivyo polepole, akaniomba nimwonyeshe vipande. Halafu akasema mengine ambayo sitayaandika hapa.

Nakala ninayo? Sinayo. Niliichana kweli usiku huo, nikaitupa chooni. Nisamehe. Waambie wazee kwamba mwenye kula fedha ni Makene na si wewe. Huo ndio ukweli na wanapaswa kuuamini.

Juzi pia ilikuja kwaya kutoka Itaka kurekodi. Walikuwa wamevaa sare zao za kijani tangu nyumbani, vumbi tupu. Nilitaka kumwambia mwalimu wao jambo fulani. Makene alikuwa amesimama hapo.

Mwanao,
Alinanuswe


Ileje,
6 Oktoba 2013

Mwanangu Alinanuswe,

Marahaba, na pole kwa malaria. Kitenge kimempendeza mtoto. Mama yako anasema unaandika barua fupi kwake na ndefu kwangu, na anajua hilo maana yake nini kuliko mimi.

Nimelisoma neno lako mara nyingi. Hajulikani. Sikukasirika. Nilishangaa tu. Sisi huku tunadhani asiyeandikwa jina anajulikana na Mungu na majirani, inatosha. Kumbe kwenye mashine zenu za kompyuta asiyeandikwa ni kama hakuzaliwa, na yeyote anaweza kukaa kwenye kiti chake.

Niliwaambia wazee ni Makene. Mzee Osea akauliza, "Umejuaje?" Nikasema nimeandikiwa. "Umeandikiwa na nani?" Na wewe. "Yaani kijana aliyekutumia ile hamsini." Ikaishia hapo.

Sasa nisikilize, maana ukiacha ile karatasi sijakuomba kitu tangu ulipozaliwa. Jumapili ya tarehe 17 Novemba, kabla ya Majilio, majina ya wanaotengwa yatasomwa. Langu limo, na wameniambia litaondolewa kama atatokea mtu anayejua aseme anachojua. Pesa ya wimbo siitaki, wala kwaya wakiikosa hawatakufa. Ila aliyetengwa hagusi Meza ya Bwana, na akifa huzikwa na watu wa nyumba yake peke yao. Kwaya haiji. Kengele haipigwi. Nimefundisha watu wa hapa kuzika kwa nyimbo miaka thelathini na mmoja. Nina umri wa miaka sitini na minne na kifua unakijua.

Njoo siku hiyo. Karatasi kama huna, lete mdomo wako. Simama useme siku ile ilikuwaje pale kwenye mashine.

Nakungoja.
Barnaba


Tunduma,
21 Novemba 2013

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuamkia.

Nilitoka. Nataka ujue kwamba nilitoka. Jumamosi niliomba ruhusa, nikasema mama anaumwa. Nilifika Mpemba saa nne, nikapanda gari la Ileje, nikalipa nauli, nikakaa karibu na dirisha nimeshika biblia na mkate. Gari lilipowashwa nilimwambia kondakta nimesahau mzigo, nikashuka. Akasema nauli hairudi. Nilirudi Tunduma kwa miguu, malori yote yakinipita.

Sasa nitaandika lile nililolikwepa tangu Aprili.

Siku ile, Baba Mdogo, baada ya wewe kusema jina lako lisiandikwe na kukimbilia gari, mimi ndiye niliyekaa kwenye mashine ya kompyuta. Nilijaza jina la wimbo na la kwaya. Nilipofika kwenye mtunzi nikaacha wazi kama ulivyosema, na mashine ikakataa kuendelea. Nikamwita Makene. Akasema, "Andika hajulikani." Nikamwambia mtunzi ni baba yangu mdogo, ametoka mlangoni sasa hivi. Akasema, "Yeye mwenyewe kakataa kujulikana. Unataka kumzidi utakatifu?" Nikaandika. Kwenye mwenye haki akasema niweke jina lake, tutabadilisha baadaye kwaya ikifungua akaunti. Nikaandika hilo pia. Tulipoichapisha kwenye karatasi, mwisho kuna mahali pa shahidi anayethibitisha kwamba mtunzi ametafutwa na hakupatikana. Ile sahihi ni yangu. Jina langu kamili, Alinanuswe Mbonile, na tarehe.

Mengine ambayo sikukuandikia mwezi wa tisa ni haya. Makene aliniambia, "Fomu ile ina sahihi mbili. Ikifika polisi, mimi nitasema nilidanganywa na karani wangu. Wewe utasema nini? Kwamba hukumjua mtu aliyekulea?" Hakunipigia kelele. Alikuwa anakula karanga.

Zile elfu hamsini zilikuwa za mshahara wangu, na ulishajua.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa, ya Mzee Osea na baraza. Nimeandika yote na kutia sahihi. Tafadhali uwapelekee. Najua siku imepita, lakini labda watalifuta jina.

Mwanao,
Alinanuswe


Ileje,
15 Desemba 2013

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo ya mtoto haikataliwi, usiniandikie tena maneno hayo.

Mama yako hajambo. Siku ile ya tarehe 17 alikupikia ndizi na nyama, akafunika, akamwambia kila aliyepita kwamba unakuja. Ndizi tulikula Jumatatu.

Jina lilisomwa la tatu, baada ya msichana aliyezaa na mtu mwenye mke na baada ya mlevi mmoja unayemfahamu. Nilikuwa benchi la nyuma. Nikasimama, nikatoka, nikawangoja nje kama kawaida ili tusalimiane. Watu wengi walipita upande wa pili. Ketrina alinipa mkono. Wiki iliyofuata alikufa mama mkwe wake Pendo, wakamzika kwa Jiko Limepoa. Nilisikiliza nikiwa barabarani. Besi waliingia mapema. Nilitaka kupaza sauti niwaambie wangoje.

Bahasha yako ya pili niliifungua. Ilikuwa imeandikwa jina la Mzee Osea, nimefanya kosa, lakini nimeifungua. Umeandika vizuri. Umesoma kweli.

Kuna jambo nami sijakuambia. Mwezi wa nane Mzee Osea aliniuliza mbele ya baraza zima, "Fomu aliijaza nani kwa mkono wake? Si kijana wako?" Nikasema hapana, aliijaza Makene mwenyewe, kijana alikuwa nje anashusha vyombo. Nililisema bila kufikiri, kama mtu anayeinua mkono kuzuia jiwe. Sikuwa nimeona ulichoandika, ila nilishakuona ulivyokuwa unaandika barua zako. Wakanitenga kwa wizi ambao sikuufanya, na mimi nikakaa kimya kwa sababu ya uongo niliousema. Nimejaribu kupima kipi kati ya hivyo viwili ni kizito zaidi, sijapata.

Kwa hiyo bahasha siipeleki. Nikiipeleka mimi watasema nimekuandikisha. Na hata wasiposema hivyo, hayo ni maneno ya kutoka kinywani, yasibebwe na mzee mwenye pumu mpaka kwa mzee mwenzake wakati mwenye mdomo amekaa Tunduma. Nakurudishia. Kuja au kutokuja ni kwako. Ukija, mimi sitakuwepo barazani, hawaniruhusu. Usinijali mimi katika kusema kwako, sema ilivyokuwa.

Krismasi njema.
Barnaba


Tunduma,
27 Januari 2014

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama atakuwa ameshakueleza kila kitu, lakini nataka uusikie upande wangu pia, kwa sababu mama alilia tangu katikati na labda hakusikia mwisho.

Nilifika Jumapili ya tarehe 19, ibada imeshaanza. Baada ya ibada niliomba kuonana na wazee, wakaniruhusu, chumba kile cha kuhifadhia vitabu. Walikuwa saba. Timotheo alikuwepo ingawa si mzee, na mama walimpa benchi karibu na mlango. Mzee Osea aliisoma ile barua yangu uliyonirudishia kwa sauti mpaka mwisho. Hakunikatisha. Alikunja miwani akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Mwezi wa saba tuliletewa elfu hamsini yako, ukasema ni mgawo wa wimbo. Ulikuwa mgawo?"

"Hapana, mzee. Ulikuwa mshahara wangu."

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Ndiyo."

"Leo unasema fomu uliijaza wewe. Barnaba alisimama hapo ulipo akasema aliijaza Makene, na kwamba wewe ulikuwa nje. Naye alitudanganya?"

Nilimtazama mama. Baba Mdogo, nilitafuta jibu la tatu na sikulipata. Nikisema hapana, barua yangu yote ni uongo. Nikisema ndiyo, wewe ni mwongo mbele ya baraza. Nilisema, "Mzee, alikuwa ananificha."

"Alikuwa anakuficha. Kwa hiyo alidanganya."

Nikasema ndiyo.

Timotheo akauliza kama nina karatasi yoyote. Nikasema nilikuwa nayo nikaichana. Mtu mmoja akacheka puani. Mzee mwingine, simjui jina, akasema, "Huyu katumwa. Mjomba na mpwa wamekaa wakapanga." Mama akamsahihisha kutoka mlangoni, "Si mjomba wake, ni baba yake." Wakamwomba anyamaze.

Mzee Osea akanena hivi, nakuandikia kama alivyonena: "Kijana, nina watu wawili wa nyumba moja. Mmoja alidanganya Julai, mwingine Agosti, na sasa ni Januari mnataka niamini kwamba leo ndiyo siku mmeacha. Labda ni kweli. Lakini mimi nina watu thelathini na mmoja waliotoa mahindi, na siwezi kuwapa labda."

Wamesema hukumu inabaki. Ila wamebadilisha sababu kwenye kitabu chao, na hili mama hakulisikia. Zamani waliandika umetengwa kwa kutuhumiwa fedha. Sasa wameandika kwa kusema uongo mbele ya baraza, na chini wameandika kwamba imethibitishwa. Shahidi aliyethibitisha ni mimi. Waliniletea kalamu.

Nilirudi Tunduma siku hiyohiyo. Makene alishasikia kwa watu wa sokoni, sikumficha. Akaniuliza, "Wamekuamini?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika kweli. "Basi washa mashine," akasema. Nikawasha. Bado niko hapa. Wimbo nao bado uko, naambiwa sasa wanaulipia hadi Sumbawanga.

Mama anasema ulingoja nipite nyumbani jioni ile, na ukamwambia ajira haina huruma, huenda niliwahi gari. Gari lilikuwa bado saa nzima. Nilipita njia ya juu, ile ya migombani. Ulikuwa uani unachonga mpini wa jembe. Mbwa alinijua, hakubweka. Ulikohoa, ukaweka panga chini ukangoja kikohozi kiishe, ukaliokota ukaendelea kuchonga. Nikashuka kwenda kungojea gari. Ulikuwa hujapata habari bado. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, na niliiacha ifikishwe na mama.

Alinanuswe